Ifungeni Ile Nane

Sogezeni viti, wanangu, mkae karibu, na wewe Norbert izime hiyo simu, kwa kuwa mtu hufa mara moja tu na ana haki ya kusikilizwa walau mara moja. Daktari Brüning amekwisha kuwaambia kwamba Jumapili siioni, na mimi sibishani naye, amesomea kazi yake. Ila ninayo kazi moja iliyobaki, na kwa kuwa mikono yangu haiwezi tena kushika patasi, itafanywa na mikono yenu, nayo itafanywa leo, kabla ya kengele ya jioni, nikiwa bado napumua.

Mali ni jambo jepesi. Karakana ni ya Mechthild, pamoja na mbao zote za mwaloni nilizozianika ghalani, na yeyote aliyesema mwanamke hawezi kuezeka paa na aangalie juu, nusu ya paa za Wennebrück zimepita mikononi mwake. Nyumba hii ni yenu wawili, Norbert akae chini na mkahawa wake, dada mtu akae juu, na asiuze mmoja bila ya mwenzake. Hayo yako kwa mwanasheria na yana mhuri. Ninalotaka kuwaambia sasa halina mhuri, maana nimelificha kwa miaka hamsini na tisa, hata padri hajalisikia.

Mnaujua mwaka uliochongwa kwenye boriti juu ya mlango wetu, 1547. Wageni wakishuka basi huja kuupiga picha kabla hawajaingia kanisani, na wewe Norbert umeuchapisha kwenye vikombe, kwenye aproni, kwenye karatasi za kufutia midomo, na lau ungeweza ungeuchapisha kwenye soseji. Kwa ajili ya mwaka huo nyumba yetu inaitwa nyumba kongwe kuliko zote mjini, bendera ya chama cha walenga shabaha wa mji inalala kwetu usiku wa kuamkia sikukuu yao, na maandamano yanaanzia mlangoni petu baada ya mimi kummiminia meya glasi ya kwanza. Basi jueni kwamba mwaka huo ni wa uongo. Nyumba hii ilijengwa 1587. Nyumba kongwe ni ile ya jirani zetu akina Schürmann, yenye 1563 yake mlangoni, na uongo huu niliuchonga mimi, Ludger Tenbrink, kwa mikono hii mnayoiona juu ya blanketi.

Usinikatize, Norbert. Utasema baadaye, utakuwa na miaka mingi ya kusema.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Boriti ya zamani ilikuwa imeoza kwa mvua, na marehemu baba yangu akaniagiza nichonge mpya, nifuate ya kale herufi kwa herufi. Tarakimu ya tatu ilikuwa imezibwa na chokaa iliyoganda, nikaona sehemu ya juu tu, kitanzi kidogo na miguu miwili iliyotanuka chini yake. Mtu asiye na elimu angesema hiyo ni nane iliyozibwa, akakwangua, akaona. Mimi sikukwangua, kwa sababu mimi nilijua. Mwalimu wangu wa ufundi alikuwa amenifundisha kwamba watu wa kale waliandika nne kwa namna hiyo hiyo, kitanzi na miguu miwili, nusu ya nane, na nilikuwa na kiu kubwa ya kuonyesha kile kidogo nilichokijua. Nikachonga nne ya kale. Mkuu wa shule akaja akanishika mkono, mwandishi wa gazeti akaja na kamera yake, na kabla ya wiki kwisha mji ulikuwa na nyumba kongwe mpya.

Mpaka hapo nilikuwa nimeteleza tu, na kuteleza si kuanguka. Lakini siku ya tisa niliipasua ile boriti ya zamani iwe kuni, shoka likabandua chokaa, nikaiona ile miguu miwili ikikutana chini, duara kamili, nane isiyo na shaka yoyote. Nilikuwa peke yangu uani. Ningeweza kuvaa kofia nikavuka hadi kwa jirani, ni hatua kumi na moja, nimezihesabu mara nyingi tangu siku hiyo. Badala yake nilikitia kile kipande katika jiko nikakisimamia mpaka kikawa majivu. Mtu aliyeteleza huinuka, wanangu, mimi nililala pale pale nikapaita kitanda.

Mzee Clemens Schürmann, baba yake Hedwig, alikuwa fundi viatu, mtu wa maneno machache. Bendera ile ilikuwa imelala kwao tangu enzi za babu wa babu yake. Aliposikia inahama alisimama katika mkutano wa mji akasema boriti yetu ameitazama kutoka dirishani mwake tangu utotoni, kabla haijazibwa na chokaa, na pale pana nane. Wakamcheka, wakasema wivu umempofusha. Akawaacha na kicheko chao akanigeukia mimi. "Ludger, wewe ndiye uliyeipasua," akasema. "Waambie watu. Nne au nane?"

Nikasema, "Nne."

Neno moja, na limekula maisha ya mtu. Tangu siku hiyo wakamwita Clemens Nane. Akienda kununua mkate waliuliza kama amekuja kuchukua minane, akipita penye meza ya wanywaji pale hotelini walimpigia vidole vinane juu ya mbao. Nami nilikuwa nimekaa meza hiyo hiyo, nikicheka nao. Bwana yule hakurudi tena hata kanisani kwenye misa ya saa nne, alikwenda ya alfajiri, asikutane na watu.

Na alikuwa jirani yetu wa kwanza. Ninyi wa siku hizi mnaona ni jina tu, lakini kwetu jirani wa kwanza hachaguliwi, ni yule ambaye mlango wake uko karibu zaidi na wako, nawe ni wa kwanza kwake, umpende usimpende. Mtoto akizaliwa, ndiye wa kwanza kuleta mkate wa zabibu. Mtu akifa, ndiye anayeisimamisha saa ya ukutani, anayepita nyumba kwa nyumba kutangaza, na ndiye anayeshika jeneza mbele, upande wa moyo. Clemens alipokufa nilivaa suti yangu nyeusi nikaenda kutimiza zamu yangu, na Hedwig akanizuia kizingitini, akaniambia baba yake ameacha neno kwamba asibebwe na Tenbrink yeyote. Nikasimama kwenye ua wangu, kofia mkononi, wakampitisha mbele yangu.

Kisha akafa mama yenu. Mnakumbuka ni nani waliombeba Agnes? Watu wa kukodi kutoka mji mkubwa, wenye glavu, na mmoja wao akaniuliza pembeni, marehemu anaitwa nani. Siku hiyo nilielewa maana ya kukosa jirani wa kwanza. Agnes sikuwahi kumwambia, lakini kila mwaka siku ya bendera aliumwa jino akaenda kwa dada yake, jino lile lile, siku ile ile, miaka thelathini na minne, na mimi nikijifanya siioni sababu. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami sitaki kuumbuliwa na kifo. Nataka kujiumbua mwenyewe, kwa hiari yangu.

Mechthild, unakwenda wapi? Basi, nenda. Chukua patasi ya nusu duara, ile yenye mpini wa mti wa peasi, na uinoe kwanza, mwaloni ule umekauka miaka hamsini na tisa.

Mwache, Norbert. Hahitaji kuniuliza la kufanya. Ile nne niliichonga kwa mtindo wa kale, kitanzi kipo, miguu miwili ipo, kinachotakiwa ni kuikutanisha tu kwa mkunjo mmoja mdogo chini. Ifungeni ile nane. Najua unavyofikiri, sikukuu ni wiki tatu zijazo, wageni wamekwisha kuagiza vyumba, vikombe vimejaa kabati. Sasa utawauzia kahawa katika nyumba ya pili kwa ukongwe, na kahawa haitageuka maji kwa hilo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta nimeujenga mimi, sitaki uje kuurithi wewe na baada yako Jördis mwanao, ambaye mpaka leo hajui kwa nini Bi Hedwig hamwitikii salamu.

Nipe maji. Kidogo tu. Basi.

Sasa shika maagizo, maana pumzi yangu inahesabika. Nikifa, asiambiwe mtu yeyote kabla ya Hedwig, si padri wala meya. Lakini usiende kumwomba anibebe, hujui bado unachoomba. Kwanza simama barabarani mbele ya mlango wake, mchana, watu wakipita, useme kwa sauti ifike mpaka kwa mwoka mikate, "Clemens Schürmann alisema kweli, baba yangu alisema uongo." Usiongeze samahani, usiongeze alikuwa kijana. Na bendera iende kwao mwaka huu huu. Akikubali kunibeba, mpe nafasi ya mbele. Akikataa ana haki, nanyi mtanilaza juu ya mkokoteni wa mbao wa karakana mkanivuta wenyewe hadi makaburini, wewe na dada yako. Watu wa glavu sitaki kuwaona. Sitawaona, najua. Sitaki hata hivyo.

Hiyo ni nyundo yake. Unasikia? Anapiga kidogo kidogo, ndivyo nilivyomfundisha.

Nenda dirishani, mwanangu, unitazamie. Ngazi imekaa vizuri? Ile ngazi ni mbovu, mtu lazima aishike chini. Kuna watu? Wangapi? Waache wasimame, mji huu haujawahi kupitwa na jambo. Na ngazi, ngazi imeshikwa na nani?

Sema tena.

Hedwig. Na aproni yake ya jikoni. Kwa mikono miwili.

Yeye anashika ngazi tu, asianguke mtoto wa watu. Ndivyo walivyo akina Schürmann, na mimi nilijua ndivyo walivyo, nikasema nne.

Basi kwa nini tungoje nife. Shuka, Norbert. Shuka sasa hivi, ukaseme yale maneno nikiwa hai, nami niyasikie. Liache dirisha wazi. Njoo kwanza, inamisha kichwa. Mungu akubariki wewe na dada yako, awape ulimi mwepesi wa kukubali kosa, maana wangu ulikuwa mzito. Ambariki Jördis. Ambariki yule aliye chini ya ngazi, kama baraka kutoka kinywa hiki zinamfaa. Nenda. Usikimbie ukishuka, na tumbo hilo.

Umefika? Nasikia hatua zako barabarani. Sema.

Sisikii, Norbert. Sema kwa sauti.