Mzee Kifungu na Lango Lililofunguliwa Alhamisi

Mzee Kifungu, tuliyekuja kumsindikiza leo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, kitinda mimba wa seremala na mshonaji nguo, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli. Mama yake alikuwa akisema mtoto huyu alianza kuuliza "kwa nini" kabla hajaota meno.

Alisoma shule ya msingi ya jirani, kisha sekondari ya bweni, ambako alisimamishwa wiki nzima kwa kumtaka mwalimu wa zamu aeleze kwa nini lango linafungwa mchana kweupe. Mwaka 1976 alihitimu shahada ya sheria, akaajiriwa wizara ya biashara, akadumu huko mpaka alipostaafu.

Jina la Kifungu alilipata kazini. Nchi za ukanda wetu zilipokaa kuandika mkataba wa kuuziana bidhaa bila vikwazo, kila ujumbe ulitaka ruhusa ya kufunga mpaka "kwa sababu za usalama", basi, bila maelezo. Marehemu hakudharau usalama. Mapigano yalipozuka ng'ambo, ndiye aliyeandika amri ya kuzuia baruti isipite. Ila aling'ang'ania kifungu kimoja: anayefunga aseme anaogopa nini, na atafungua lini. Wenzake walimchoka, naye akashinda kwa kuwachosha zaidi.

Wino haujakauka, nchi yetu wenyewe ikazuia magodoro ya jirani kwa usalama wa taifa. Kumbe mwenye kiwanda wa hapa amelalamika. Marehemu aliingia mkutanoni na godoro kichwani, akalitandika mbele ya katibu mkuu, akajilaza.

"Mheshimiwa, nimejigeuza pande zote. Hatari bado siioni."

Katibu mkuu alikasirika, kisha akacheka, kisha akaomba naye ajilaze. Magodoro yakaruhusiwa kupita.

Mwaka 1979 alimwoa mwalimu wa hesabu, mtu pekee aliyemweza. Walijaliwa binti mmoja, naye alikuwa mboni ya jicho la baba yake. Binti alipoleta habari za mchumba, fundi wa lifti kutoka nchi ile ile ya magodoro, mzee alikunja uso.

"Haiwezekani. Ni kwa usalama wa familia hii."

Mama akaweka kikombe chini. "Haya, mzee. Unaogopa nini, na utafungua lini?"

Mzee alikoroga chai yake mpaka ikapoa.

"Naogopa atakuwa mbali," alisema. "Nitaumwa, na hatafika."

"Hapo umesema. Na tarehe?"

"Jumamosi. Mwambie kijana aje Jumamosi."

Kijana alikuja, akamfunga mzee drafti mara mbili mfululizo, na tangu siku hiyo wakawa chanda na pete.

Mwaka jana moyo wake ulianza kuchoka. Mwezi huu alipolazwa, mabomu yalikuwa yameibwa kwenye ghala la jeshi karibu na mpaka, na mpaka ukafungwa. Safari hii hatari ilikuwa ya kweli. Binti yake alikwama ng'ambo na watoto wake, analia mbele ya tangazo lililobandikwa getini. Alimsomea baba yake kwa simu: limetaja mabomu, limesema lango litafunguliwa Alhamisi.

"Basi watafungua," mgonjwa alisema. "Ningoje."

Muuguzi anasimulia kuwa Jumatano, akiwa hoi, alimwambia kwamba hana nafasi ya kufa mpaka kesho.

Alhamisi jioni binti aliingia wodini na vumbi la njia nzima.

"Walifungua siku waliyosema?"

"Walifungua, baba."

Alicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia kuna nini. Ijumaa kutwa walipiga soga, wajukuu wamejazana kitandani. Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, asubuhi, aliaga dunia mkono wake ukiwa katika mkono wa binti yake.

Ameacha mjane, binti, mkwe ambaye marehemu hakuwahi kumshinda kwenye drafti mpaka mwisho, wajukuu wanne wenye pasi za nchi mbili, dada mmoja, na lile godoro, ambalo wajukuu wanaligombania.

Leo tunalifunga kaburi lake. Tunachoogopa ni kumkosa, na tarehe ya kufungua anaijua Mungu. Mpaka siku hiyo, Mzee Kifungu, pumzika kwa amani.