Wakili wa Lukumani Kawa Waziri

Alasiri ile ya mwaka wa sitini, benchi la Mzee Selemani muuza kahawa lilijaa hadi mtu wa mwisho akakalia tako moja. Benchi lenyewe liko pale njia ya zamani ya misafara inapokutana na barabara ya stesheni ya Tabora. Adhuhuri redio ilikuwa imetangaza kwamba Wakili Dionis, mtoto wa mfuga nyuki wa Ipole, ndiye waziri mpya huko Dar es Salaam. Lukumani, fundi viatu, alishangilia kama wenzake, kisha akakumbuka kesi yake na shangwe ikamwisha. Tajiri mmoja wa mjini alikuwa anamdai kiwanja alipozaliwa, na wakili wa Lukumani katika kesi hiyo alikuwa Dionis huyohuyo.

– Si nilisema mimi! alifoka Raymundi, ambaye aliwahi kufyeka majani ya boma la serikali siku tatu, na tangu hapo kijiwe kizima humwita Gavana. Nilisema yule si mtu wa kukaa Tabora. Anamhoji shahidi mpaka shahidi anaomba maji!

– Mniulize mimi niliyembebea sanduku, akadakia Shilinde, mchukuzi wa stesheni. Siku aliyorudi kutoka Ulaya. Nimebeba magunia ya karanga, nimebeba vyuma vya reli, lakini sanduku lile, jamani! Tulilishika watu wanne. Nikamuuliza, bwana mkubwa, kuna mawe humu? Akasema, vitabu tu, kaka. Kaniita kaka! Mtu katoka kwa Malkia!

– Juzi ulisema mlilishika wawili, Selemani akamkumbusha huku akimmiminia.

– Wawili mbele, wawili nyuma.

– Na vitabu hivyo kavimaliza vyote, Gavana akaendelea. Mwalimu wake huko Ulaya alifika mahali akaishiwa. Akamwambia, Dionis, keti wewe kwenye kiti changu, mimi nikuulize.

– Ulikuwepo? akauliza Shilinde.

– Aliyekuwepo alimwambia mtu aliyeniambia mimi.

Wakacheka. Lukumani naye akacheka, japo nusu nusu.

– Mwacheni Lukumani aseme, alisema Selemani. Yeye ndiye aliyemwona kazini.

Wote walikuwa wanaijua hadithi ile, na wote wakasogea kuisikia upya. Lukumani akaweka kikombe chini.

– Siku ile ya kesi walikuja wote kwangu. Hakimu Mzungu, karani, tajiri na wakili wake. Dionis ndiye aliyeomba mahakama ihamie uani, kwenye kisima alichochimba babu ili wapagazi wa misafara wapate maji. Akamuuliza tajiri, kisima hiki chako? Changu. Tangu lini? Tangu zamani. Haya, kamba ya kutekea maji ni ya pima ngapi? Tajiri akatazama juu. Dionis akanigeukia mimi. Nikasema, saba. Basi hakimu akavua koti, akashusha kamba mwenyewe, akiipima kwa kunyoosha mikono.

– Ikawa? aliuliza Shilinde, mara ya kumi sasa.

– Saba. Mimi nilijua ni saba, nimetekea kamba hiyo tangu utoto. Lakini kumwona Mzungu anapima neno langu kwa mikono yake, neno la fundi viatu... machozi yalinitoka. Siwafichi.

Kila mmoja alikuwa anaiona kamba ile ikishuka.

– Sasa sikilizeni, Gavana akasema, na safari hii kwa sauti ya chini. Mnajua akifika Dar atafanya nini? Atawapanga Waingereza mstari mmoja. Atawauliza, nchi hii yenu? Watajibu, yetu. Haya, visima vyake vina pima ngapi?

Walitaka kucheka, wakashindwa. Shilinde alitikisa kichwa taratibu, akasema:

– Mungu wangu. Na atawauliza kweli.

Lukumani akamkumbuka Dionis. Yule mtu alikuwa amesimama uani kwake, vumbi la uani kwake likiwa kwenye viatu vyake.

Hapo ndipo baiskeli iliposimama mbele yao. Alikuwa tarishi wa mahakama, mtu mzima aliyehamia majuzi kutoka Bukene, jina lake Hilari.

– Shikamooni, wazee.

– Marahaba.

– Lukumani fundi viatu ni nani?

– Mimi hapa.

– Kesi yako itaendelea Jumatatu, saa tatu asubuhi. Mwenzako ana mashahidi wawili wapya. Akafunua karatasi, akatoa penseli sikioni. Jina la wakili wako limefutwa, amekwenda serikalini. Niandike nani?

Gavana akachungulia kikombe chake. Shilinde akajikuna bega. Mjini palibaki wakili mmoja tu, naye ndiye wa tajiri. Lukumani aliwatazama wenzake mmoja mmoja, na hofu ikamshika kwelikweli, kwa ajili ya nyumba, kwa ajili ya kisima, kwa ajili ya mama yake aliyezikwa nyuma ya ua ule. Hakumlaumu Dionis. Angeona aibu hata kumwandikia barua arudi kwa sababu ya kiwanja kimoja.

– Mzee, niandike nani?

– Andika Lukumani.

– Hilo ni jina la mdaiwa, nimeshaliandika. Nauliza la wakili.

– Liandike tena.

Hilari akangoja mtu acheke. Hakucheka mtu. Akaandika.