Bi Hakikisha na Mtoto Aliyejibu Kabla ya Kuulizwa

Tarehe 30 Juni, muuguzi tuliyezoea kumwita Bi Hakikisha anastaafu baada ya miaka ishirini na saba katika kliniki yetu ya watoto. Kumi na tisa kati ya hiyo ameitumia kuwaandaa watoto na familia zao kwa tathmini ya usonji. Mimi ni mtathmini. Chumba changu ni cha tatu kutoka chake, na tumefanya kazi pamoja miaka kumi na mmoja. Nimeombwa kuandika wasifu huu kwa kuwa namfahamu vizuri. Walioniomba hawakujua kwamba katika mwaka wangu wa pili nusura nimfukuzishe kazi.

Jina lenyewe linajieleza. Hakumwamini mtu kwa neno la kwanza. Wiki mbili kabla ya tathmini alimpigia simu mzazi, kesho yake akampigia mwalimu, aone kama maelezo yanalingana. Mzazi akisema mtoto hasumbuliwi na kelele, Bi Hakikisha aliuliza: mashine ya kusagia ikiwashwa jikoni, mtoto huwa wapi? Hapo ndipo mzazi alipokumbuka kwamba huwa chini ya kitanda.

Alitengeneza kijitabu cha picha alizopiga mwenyewe: lango, ngazi zenye reli ya kijani, choo, mlango wangu, meza, kiti kidogo, na mimi nimenuna kama mtu aliyekanyagwa. Familia ilikwenda nacho nyumbani, mtoto akazoea kidogo kidogo. Masharti yake yalikuwa machache. Msimvishe nguo mpya siku hiyo. Msimdanganye kwamba mnakwenda matembezini. Mwambieni hakuna sindano, kuna mtu wa kucheza na kuongea naye.

Mafundi umeme nao wana yao ya kusimulia. Siku moja alijifungia katika chumba cha tathmini, akafumba macho robo saa, akatoka akisema taa inavuma. Fundi wa kwanza aliapa taa ni nzima. Wa pili akasema muuguzi ana masikio ya popo. Wa tatu alifungua, akakuta kifaa kimelegea.

Basi nami nikaanza kumtilia shaka. Watoto waliingia kwangu wametulia mno. Walikwenda moja kwa moja kwenye kiti bila kuonyeshwa. Nikajiuliza: huyu anawaandaa, au anawafunza majibu? Nikawa namchungulia akiongea na wazazi, na kila alipopunguza sauti, mimi niliona njama.

Ndipo akaletwa binti wa miaka sita, aliyelelewa na mama yake mkubwa tangu uchanga. Alisimama mlangoni, akanikazia macho, na kabla sijafungua kinywa akasema: "Shikamoo. Sijambo. Napenda kucheza na wenzangu." Nikampa vipande vya mbao. Akaviambia navyo: "Napenda kucheza na wenzangu."

Damu ilinichemka. Nilisimamisha tathmini, nikamwandikia mganga mkuu barua: muuguzi anawafunza watoto. Bi Hakikisha akazuiwa kuonana na familia kwa siku tisa, kisha akaitwa mbele ya watu watano, barua yangu ikasomwa.

Alisikiliza hadi mwisho. "Hata mimi nilishuku," akasema. "Kafunzwa, ila si hapa. Fungueni faili, ukurasa wa pili."

Lilifunguliwa. Alikuwa ameandika kwamba kwenye simu mtoto alitoa sentensi zilezile kwa mpangilio uleule mara tatu, na chini yake akaniomba mimi nisubiri hadi yeye aongee na mlezi ana kwa ana. Tarehe ilikuwa ya siku tatu kabla ya tathmini. Mimi nilikuwa nimesoma ukurasa wa kwanza tu.

Alasiri hiyo mama mkubwa aliitwa. Alikaa ukingoni mwa benchi, mkoba magotini kama ngao. "Mnataka kumwandika nini mwanangu?" akauliza. "Nikisaini tu, mnamchukua."

Nilitaka kumwapia. Bi Hakikisha akanizuia kwa mkono. "Una haki ya kutuogopa, dada," akamwambia. "Hapa hatuchukui mtoto wa mtu, lakini usiniamini mimi. Soma kila mstari wa fomu hii. Nitakaa nawe mpaka umalize."

Alisoma dakika arobaini. Alipofika mwisho, machozi yalikuwa yanamtoka. Shule ilimwita binti jeuri na kutishia kumwondoa. Jirani alimwambia wanaokutwa na hali hiyo hupelekwa mbali. Kwa hiyo kila jioni, mwezi mzima, alimkaririsha yale maneno. "Alikuwa akilia nikimlazimisha anitazame," akasema. "Nilidhani namwokoa."

"Ulikuwa unampigania," Bi Hakikisha akamjibu. "Sasa mpumzishe. Mlete kama alivyo, na chochote anachokipenda."

Baada ya wiki tatu binti alirudi na kifuniko cha chupa mkononi. Akaingia chini ya meza, akakizungusha dakika ishirini. Nilisubiri, kama nilivyoagizwa kwa herufi kubwa kwenye faili, ambalo safari hii nililisoma lote. Kisha akatoa mkono na kunipa kifuniko nikizungushe mimi. Hapo tathmini ya kweli ikaanza. Majibu yalionyesha usonji. Shule ilikubali kumbadilishia kiti na namna ya kumfundisha, baada ya Bi Hakikisha kwenda huko mara mbili. Mara ya pili bila kutoa taarifa.

Amewafunza kazi yake wauguzi wanne, na leo hakuna mtathmini hapa anayemwita mtoto kabla ya kusoma maelezo ya maandalizi.

Limebaki moja. Tuhuma yangu ilisomwa mbele ya watu watano, lakini radhi nilimwomba tukiwa wawili, mlango umefungwa. Alinijibu, "Sawa daktari. Mtoto wa saa nne amefika," akaendelea na kazi. Haikutosha. Naandika hapa, wote wasome: nilikosea, naye alikuwa sahihi.

Asante, dada yetu. Tunakuombea afya, asubuhi zisizo na haraka, na watu wa kukutunza kama ulivyotunza watoto wa wenzako.