Paka wa Akol

AKWII: Haloo? Nani mwenzangu? Namba ndefu hivi—

EGWANG: Ni mimi, mume wako. Nimenunua laini ya huku Ujerumani. Habari ya Malaba?

AKWII: Salama tu. Nimetoka Busia sasa hivi.

EGWANG: Vizuri. Sasa sikia, Ijumaa ukifika eapoti usi—

AKWII: Nilimpeleka paka kwa daktari wa mifugo. Amepata cheti cha kusafiri.

EGWANG: [mkwaruzo] Nani? Network inasumbua.

AKWII: Paka! Naenda naye. Amewekwa chipu shingoni, amechanjwa kichaa cha mbwa, damu ikapimwa, nikangoja miezi mitatu. Kizimba cha ndege ninacho.

EGWANG: Miezi mitatu na hukuniambia?

AKWII: Ungekataa.

EGWANG: Nakataa hata sasa. Mwachie dada yako kule Moding.

AKWII: Moding nimemwacha Akol. Mtoto wetu nilimzika peke yangu, Egwang. Siwezi kuacha wote wawili.

EGWANG: Kazini walininyima ruhusa, unajua—

AKWII: Sijakulaumu.

EGWANG: Lakini, Akwii—

AKWII: Zamani ulikuwa unaniita Mama Akol.



EGWANG: Huku sijaambia mtu kwamba nilikuwa na mtoto. Wakiniuliza, nasema bado.

AKWII: Bado?

EGWANG: Nifanye nini? Nikitaja jina tu, naona lile lori lili... na sikuwa hapo, lakini naliona.

AKWII: Mimi napita hapo kila siku. Daktari aliuliza mwenye paka ni nani. Nikasema Akol. Akaandika. Ikabidi nimwambie afute.

EGWANG: Pole. Wacha kulia.

AKWII: Silii. Ikifika saa kumi, saa ya kutoka shule, paka anaenda barabarani, pale malori yanapanga laini. Anakaa. Halafu anainuka, anarudi polepole, mkia juu, anaangalia juu kando yake. Vile alikuwa anatembea na Akol.

EGWANG: Mungu wangu, wacha—

AKWII: Akifika mlangoni haingii. Anapisha kwanza. Ndiyo na yeye aingie.

EGWANG: Umeona wewe mwenyewe, ama umeambiwa?

AKWII: Siku hizi mlango nauacha wazi.

[Simu inakwaruza.]

EGWANG: Uko?

AKWII: Niko.

EGWANG: Na ukimleta huku... atakuja peke yake?

AKWII: Sijui. Ndiyo maana nataka kumleta.

EGWANG: Kadi inaisha. Sikia, nina chumba kimoja tu. Kitanda kimoja.

AKWII: Hiyo si shida. Ni mdogo.

EGWANG: Haya. Jumamosi asubuhi nitakuja kuku— [mkwaruzo] kuwapokea.

AKWII: Umesema?

EGWANG: Nimesema kuwapokea. Huku kuna baridi, mwambie—

[Simu imekatika.]