Kila Mtu Alitaka Kuwa Mteja wa Pili

Wakristo nimewasalimu, Waislamu nimewasalimu, na nyie mliokuja kwa ajili ya chai na maandazi tu, nimewasalimu vilevile. Wajane wenzangu, leo ni zamu yangu. Nikilia katikati msinibembeleze, nisubirini tu.

Mume wangu alikuwa fundi madishi hapa Kitete. Wengi wenu ndiye aliyewafungia mkaona mpira. Lakini yeye alijifunza kunasa picha za satelaiti zenyewe, zile zinazoonyesha mawingu, na joto la moto porini. Mnajua kiangazi kinavyotufanya. Moto unapita msituni, unateketeza mizinga ya nyuki, na mwenye mizinga yuko kijijini hana habari. Sisi tungeuona moto ungali mdogo, tukamtumia ujumbe kwenye simu, akawahi. Tukafungua kampuni, mimi na yeye, akanifundisha na mimi kuzisoma picha. Kampuni ya anga, Tabora! Mtaani wakambandika jina, Bwana Mwezini. Nje alicheka nao. Ndani ya nyumba hakucheka.

Ndugu zangu, nawaambia, mtambo ulifanya kazi. Kilichokosekana ni mteja, na si mteja wa mmojammoja. Gharama ya kunasa picha ni ileile, uwe na mfugaji nyuki mmoja au wilaya nzima. Alikuwa akiniambia jioni, "Mama watoto, hata hao wenye makampuni ya roketi huko nje hawakuanza kwa kuuza rejareja. Alitokea mteja mmoja mkubwa, mara nyingi serikali, akasema jengeni, safari za kwanza tutanunua sisi. Kwa neno hilo benki zikafungua milango, wateja wengine wakaja wenyewe. Na mimi namtafuta wangu."

Akamtafuta. Alivaa shati lake jeupe, akaenda ofisi hii, akaenda ile. Walimsikiliza vizuri, soda walimpa. Halafu wote wakamuuliza swali moja: "Nani mwingine anatumia?" Akijibu hakuna bado, wanamwambia arudi akishampata. Kila mtu alitaka kuwa wa pili.

Kisha figo zikamshika. Pale wodini simu yangu ikitetemeka tu, anafumbua macho. "Mteja?" Namwambia hapana, ni wifi, anauliza hali. Anafumba tena. Siku za mwisho simu ililia na hakuuliza. Hapo ndipo nilipojua naachwa.

Subirini kidogo.

Haya. Msibani, kabla hatujamsafirisha kwenda kumzika kwao Puge, akaja meneja wa ushirika wa asali. Ni Mzaramo, mtani wetu sisi Wanyamwezi, na mnawajua watani kwenye msiba, hutania na kuchukua kitu mpaka wakombolewe. Alipanda juu ya paa langu, akafungua lile dishi la kunasia picha, akashuka nalo kichwani. Akazunguka kwa waombolezaji akiomba atiliwe ugali humo. "Babu zenu walibeba pembe za ndovu mpaka kwetu pwani," akapaza sauti, "huyu naye alitaka kuubeba mwezi!" Watu wakacheka, na mimi nikacheka huku machozi yananitoka. Akaondoka nalo. "Mali ya mtani hii. Mtaikomboa."

Baada ya arobaini nilikwenda kulikomboa. Nilikuwa nimeshapata mtu wa vyuma chakavu, niliuze, nirudi kwenye biashara yangu ya mihogo. Sikutaka kuliona tena. Nilimkuta kalifunga juu ya ghala la ushirika, limetazama mbinguni.

"Nikupe nini, mtani?" nikamuuliza.

Hakutania. Aliinamisha kichwa. "Shemeji, marehemu alikuja hapa mara mbili. Nilimuuliza kama walivyomuuliza wengine. Sikumwambia hapana. Nilimwambia arudi." Akatoa karatasi mfukoni. "Nataka taarifa za moto kwa wafugaji wote wa ushirika, kiangazi chote. Mkataba nimeshauandika, na kianzio nalipa leo."

"Hakuna mwingine anayetumia," nikasema. Nilitaka imchome, nawaambia ukweli.

"Najua. Ndiyo maana wa kwanza ni sisi."

Kiangazi kile ujumbe wetu wa kwanza ulikwenda, watu wakakimbia na matawi mabichi, mizinga ikapona. Zile ofisi za soda zikaanza kunipigia. "Nani mwingine anatumia?" Nikajibu, ushirika wa asali. Sentensi moja tu, wakasaini. Ndugu zangu, siku ile nilijifungia chooni nikalia kuliko nilivyolia makaburini. Mtambo ni uleule aliouacha yeye. Hakuna nilichoongeza.

Namshukuru mtani wetu, alirudi nyuma akalibeba kosa lake. Nawashukuru nyie mlionipikia uji nikiwa siwezi kuinua mwiko. Mungu awaone.

Sasa neno langu la mwisho. Mwenzetu pale karibu na mlango ametengeneza sabuni ya nta. Tangu tuanze anaificha chini ya khanga, na nimewasikia wawili wakimuuliza nani mwingine ameinunua. Kikundi hiki kinanunua sabuni kila mwezi dukani kwa watu. Naomba mwezi huu tununue yake, kikundi kizima, tuwe wa kwanza. Na kama mmekubali, msiniambie mimi. Mgeukieni mwambieni yeye, sasa hivi, maana yeye bado anasikia.