Gunia la Unga la Kina MacRorran

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka la Ina, upande usiopigwa na upepo, na ukikaa hapo unaiona gati yote ya Ardvannie na kila anayeshuka kwenye feri. Ina alinunua mashine ya kahawa mwaka juzi, na tangu hapo wazee waliokuwa wakiapa kwamba kahawa ni ya watu wa Edinburgh hawabanduki pale. Tuko wanne. Nusu ya kijiji hiki ni kina Mackenzie, kwa hiyo kwetu jina la ukoo ni la barua na jiwe la kaburi tu. Huku nje kila mtu anaitwa alivyobandikwa. Kasisi anaitwa hivyo kwa sababu hajatia mguu kanisani tangu abatizwe. Amerika alikaa Boston wiki tatu ujana wake, na ukimsikiliza utadhani hajarudi bado. Posta hajawahi kubeba barua hata moja. Babu yake ndiye aliyekuwa tarishi. Posta anajulikana pia kwa sukari, anatia vijiko vinne na anakoroga mpaka jirani anaudhika. Mimi ni Bubu, kwa kuwa nasikiliza kuliko ninavyosema. Jumatano hiyo kulikuwa na manyunyu, na Posta alikuwa na shida.

Shida yenyewe ni hii. Posta ndiye MacRorran wa mwisho hapa Ardvannie. Wengine wako Kanada, wengine Nyuzilandi, na waliobaki wako pale juu makaburini. Ana mtoto mmoja tu, Ishbel, muuguzi wa Inverness, na Ishbel anaolewa mwezi ujao. Mchumba wake ni kijana wa Jamaika, Kemar, fundi wa mitambo ya umeme wa upepo. Alishakuja mara mbili, na sisi tukamwita Upepo siku ile ile ya kwanza, yakaisha. Leo alikuwa anarudi na Ishbel kwa feri ya saa tisa, na Posta alitaka kumwomba jambo moja: mtoto wa kwanza apewe jina la MacRorran. Maneno ya kuombea hakuwa nayo, ndipo akaja kuyatafuta kwetu.

Posta: Sikilizeni, jamani. Leo sitaki mizaha. Huwezi kumwomba mtu akutunzie jina wakati mwenyewe hujui limetoka wapi wala limefika wapi.

Kasisi: Kwani Ishbel anasemaje?

Posta: Amenicheka. Nimempigia simu, nikamwambia mwanangu, jina letu linakufa. Akacheka mpaka simu ikamponyoka. Eti, "Baba, wewe lala usingizi wako, jina haliendi popote."

Amerika: Watoto wa siku hizi, adabu hakuna. Sasa anza na asili. MacRorran maana yake mwana wa Rorran. Tuko pamoja?

Posta: Hilo nalijua tangu niko chekechea. Rorran ndiye nani?

Amerika: Mfalme wa Norwei.

Kasisi: Mfalme.

Amerika: Mfalme kamili, na taji lake. Alikuja na merikebu arobaini, akaiona ghuba hii, akasema hapa siondoki.

Kasisi: Mtu ana nchi nzima, anaiacha, anakuja kuishi Ardvannie. Kwenye hii mvua.

Amerika: Norwei kuna baridi zaidi.

Kasisi: Hiyo chai, bwana, na sisi tunakunywa kahawa. Rorran alikuwa Mhispania. Ile meli yao ya vita iliyovunjika kwenye miamba hapo nje, yeye ndiye aliyepona. Hebu mtazame Posta. Tazama hiyo pua.

Posta: Pua yangu imefanya nini?

Kasisi: Pua ya Kihispania hiyo, wala haijifichi. Na baridi huiwezi. Tuko Julai, majira ya joto, na umevaa masweta mawili.

Amerika: Mhispania gani anaitwa Rorran?

Kasisi: Alikuwa na jina zuri tu. Ila alipoopolewa majini wakamuuliza unaitwa nani, na meno yanamgongana. Alichokitoa ndicho hicho hicho.

Nilijizuia kucheka kwa sababu Posta alikuwa anatikisa kichwa taratibu, anaweka kila kitu akilini. Sijawahi kuona mtu anayeokota takataka kwa heshima kiasi kile.

Amerika: Basi kama hamtaki mfalme, chukueni sili, wale wanyama wanaolala pale miambani. Bibi yangu alikuwa anasema MacRorran wa kwanza alitoka baharini, akavua ngozi yake ya sili akaificha chini ya mawe, akaoa binti wa hapa. Kuna watu wana ngozi katikati ya vidole mpaka leo.

Posta: Mimi sina.

Amerika: Vua kiatu.

Posta: Sivui kiatu. Na siwezi kumwambia kijana wa watu kwamba mwanawe atakuwa mjukuu wa sili. Tuache asili, nendeni kwenye kuenea. Jina limefika wapi?

Hapo Amerika alijinyoosha, kwa sababu hapo ni kwake. Alipokuwa Boston, alisema, alifungua kitabu cha simu akawakuta kina MacRorran wamejaa, kurasa na kurasa.

Kasisi: Umekwenda Amerika, ukakaa unasoma kitabu cha simu.

Amerika: Mvua ilikuwa inanyesha. Sikia, Posta, mwambie hivi. Kanada kuna ghuba nzima ina jina lenu. Nyuzilandi kuna mlima. Huko Karolina wapo, na wana magari makubwa. Na kwa vile kijana ni wa Jamaika, usisahau kumwambia kwamba kwao pia tupo, tena tumejaa tele.

Posta: Jamaika tulifikaje?

Amerika: Si yule bwana wa Nyumba ya Sukari.

Nyumba ya Sukari ni ile iliyo juu ya ghuba, imebaki kuta na kunguru. Nimeiita hivyo tangu sijui kufunga kamba za viatu. Huku kwetu hauoti hata muwa mmoja, na sikumbuki mtu aliyewahi kuuliza sukari hiyo ilikuwa ya wapi.

Amerika: Naye alikuwa MacRorran, tena ndiye aliyekuwa mwenye ardhi yote hii. Alikwenda Jamaika na sanduku moja, akarudi tajiri, akajenga. Na watu wa kule walimpenda huyo, msiombe. Walimpenda mpaka wakachukua jina lake.

Kasisi: Posta amekaa hapa miaka sabini, hata mbwa hajachukua jina lake.

Amerika: Yule alikuwa mcheshi.

Posta: Hiyo nzuri. Hiyo nitamwambia. Atajua kwamba hata kwao jina letu linapendwa.

Aliifurahia mno. Aliirudia chini chini, midomo inacheza, na uso wake ambao wiki nzima ulikuwa umekunjamana ukaanza kufunguka. Ndipo Kasisi, ambaye hawezi kuona mtu ametulia, akaingiza mkono.

Kasisi: Na unga je?

Posta: Kasisi.

Kasisi: Nauliza tu. Kijana akiuliza habari za unga?

Posta: Hataulizia kitu asichokijua. Na wewe ukiutaja tena nanyanyuka hapa.

Alikuwa hatanii. Jambo la unga kila mtu wa rika letu analijua, kwa kuwa shuleni tulimwimbia Posta mpaka akalia, "MacRorran wa Gunia, MacRorran wa Gunia." Mimi pia niliimba. Toka hapo amekuwa akitafuta mfalme wa kulifunikia lile gunia.

Feri ikaingia. Ishbel alishuka mbele na koti lake la njano, na nyuma yake Kemar, mrefu, mkononi ana bati la keki. Alitusalimia mmoja mmoja, akampa Posta lile bati. "Mama anasema ule taratibu, mzee. Kuna ramu humo." Posta alilipokea, akamkabidhi Kasisi amshikie, akasimama. Akakohoa.

Sitaki kumcheka, maana alisema kwa moyo wake wote. Ila hotuba yenyewe ilikuwa balaa. Mfalme wa Norwei alivunjikiwa na merikebu arobaini kwenye miamba yetu, akaokolewa akiwa na pua ya Kihispania. Wanawe wakatawanyika wakapewa ghuba na mlima. "Na hata kwenu Jamaika, mwanangu," Posta alisema, "ndugu yetu mmoja alikwenda, na watu wa huko walimpenda mno wakajiita kwa jina lake. Sasa hapa nimebaki mimi peke yangu. Sikuombi kitu kingine. Mtoto wa kwanza, awe wa kike au wa kiume, naomba aitwe MacRorran. Nikifa nife nikijua lipo."

Kemar alimtazama Ishbel. Ishbel alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

Kemar: Hujamwambia?

Posta: Aniambie nini?

Ishbel: Hukuuliza, baba. Hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza. Mlimpa jina la Upepo mkatosheka.

Kemar: Mzee, mimi ni MacRorran. Baba yangu MacRorran, babu MacRorran. Kijijini kwetu ukirusha jiwe linampata MacRorran, kama hapa na kina Mackenzie.

Posta alikaa chini kwa kishindo. Kwanza sikujua kama analia au anacheka, na nadhani yeye pia hakujua. Alimshika Kemar mkono akawa hauachii, anasema, "Haliendi popote. Alisema haliendi popote." Kasisi alisahau uhasama, akafungua bati la keki. Amerika alikuwa anajipiga mapaja.

Amerika: Si nilisema? Si nilisema mimi? Yule wa Nyumba ya Sukari. Walimpenda, na huyu hapa ndiye ushahidi.

Kemar: Nyumba ya Sukari ni ipi?

Tulimwonyesha kwa vidole, sote kwa pamoja. Aliitazama kwa muda, kuta zile na kunguru wake, manyunyu yanamlowesha nywele. Halafu akamgeukia Amerika, na sauti yake haikuwa na ukali hata kidogo.

Kemar: Samahani, mzee wangu. Huyo bwana alikwenda Jamaika kufanya nini?

Amerika alifungua mdomo. Huyu ndiye mtu ambaye hajawahi kukosa jibu maishani mwake, mtu aliyetupa mfalme na sili katika kikombe kimoja cha kahawa. Aliufunga. Kasisi aliacha keki. Mimi nilijua, na nilijua kwamba wenzangu wanajua, kwa kuwa hakuna mtu anayekwenda na sanduku moja akarudi na jumba kwa ucheshi wake. Miwa ya kule ilikatwa na watumwa, na mtumwa haulizwi anataka jina gani. Niliona aibu, na kijana wala hakuwa ametulaumu. Alikuwa anangoja tu.

Posta ndiye aliyesema mwishowe, na hakumjibu.

Posta: Hilo siwezi kulisema huku nakutazama. Nitakwambia langu mimi, lilivyotufikia. Mfalme hakuwepo, wala Mhispania. Wazee wangu hawakuwa MacRorran. Walikuwa na jina lao, limepotea, sisi wenyewe hatulijui. Mababu wa bwana yule yule walitaka watu wa jina lao wawe wengi, waonekane wakubwa mbele ya majirani. Mwaka wa njaa wakatangaza, kila nyumba itakayojiita MacRorran inapewa gunia la unga. Wazee wangu wakapanga foleni. Unga ukaliwa, ukaisha, jina likabaki. Mimi ni MacRorran wa Gunia, mwanangu. Waulize hawa, walinifanyia wimbo.

Ishbel alikuwa hajapata kulisikia. Niliona anavyomtazama baba yake. Kemar yeye alitafakari, akafuta maji usoni, na pembeni mwa mdomo wake kikaja kitabasamu.

Kemar: Ninyi angalau mlipewa unga, mzee.

Posta alimtazama kijana, akaitazama ile nyumba, akarudi kumtazama kijana. Kisha akamsukuma Kasisi kwa nyonga, akanisukuma na mimi, mpaka ikapatikana nafasi kwenye benchi letu la watu wanne, akaipigapiga kwa kiganja. Kemar akakaa. Ishbel akasimama nyuma yao, mkono mmoja begani kwa huyu, mwingine begani kwa yule.

Ina alitoka dukani akakusanya vikombe vitupu.

Ina: Nani anaongezewa?

Posta: Mletee MacRorran kahawa.

Ina: Yupi?

Posta: Sote wawili.

Ina: Haya. Wewe sukari vijiko vinne kama kawaida?

Posta alifikiri kidogo.

Posta: Leo usinitilie.

Ina alishangaa, lakini akaenda kuleta.