Matairi Membamba ya Njia ya Ipole

Bismillahi. Muhanna, vuta kiti uje karibu, na wewe Sheima weka huo uji chini, nitaunywa hata ukipoa, maana leo pumzi ipo na ya kesho siijui. Nina maneno, nami nataka yatoke kinywani mwangu mwenyewe, msije mkaambiwa na watu msibani kwamba mama yenu alitaka hivi, mama yenu alitaka vile. Sikilizeni wanangu, msinikate. Mwenye swali alihifadhi mpaka nimalize.

Nyumba hii na shamba la Kwihara havina maneno. Mirathi ina sheria yake, shehe atakaa nanyi, fungu la kaka litajulikana na fungu la dada litajulikana, mimi sina la kuongeza. Masufuria na sinia zangu za shaba mgawane bila kununiana. Kilichobaki ni kile kilichoko uani juu ya matofali, hakina miguu, nanyi mnakipita kila asubuhi mkitazama pembeni kama watu waliogombana na jirani. Nasema pikipiki yangu. Nimewasikia tangu juzi mkibishana. Mnadhani mgonjwa akifumba macho na masikio yamefumba.

Muhanna amekuja na matairi kutoka Dar es Salaam, mazuri, yana mstari mweupe ubavuni, na jana fundi ameyavalisha kwenye ringi. Hakuyatia upepo, kwa kuwa Muhanna alimwambia haina haja, pikipiki inakwenda kusimama sebuleni kwake chini ya picha ya marehemu baba yake. Sheima naye kanunua yake kwa mafundi wa bodaboda hapa mjini, mapana, yenye meno, anataka aipande kwenda Ipole kuchukua asali kama nilivyokwenda mimi miaka yote. Mmoja anataka isimame, mmoja anataka itembee, na kitu chenyewe hakigawanyiki. Moyo wangu uko kwa Sheima, sifichi. Lakini nimemuuliza shehe, naye kaniambia mrithi hausiwi kitu juu ya fungu lake ila wenzake waridhie, na hata nikimpa leo kwa mkono wangu, zawadi ya mtu aliyelala kitanda cha mauti hukumu yake ni hiyo hiyo. Kwa hiyo neno liko kwako, Muhanna baba. Sikuamrishi, na wala sitaki uitikie ndiyo kwa kunionea huruma. Nitakusimulia, halafu utaamua.

Azhar, baba yenu, Mungu amrehemu, aliinunua ile Honda ikiwa mpya, akaifanyia kazi ya asali na nta. Kisha maradhi yakamshika miguu, akawa mtu wa kukalishwa na kuinuliwa. Wewe Muhanna ulikuwa unanyonya bado, Sheima hajazaliwa. Kule Ipole wafuga nyuki wamejaza madumu wanatungoja, huku kwetu duka tupu. Siku moja akaniambia, Asmahani, pikipiki hii haina chuma cha katikati, mwenye gauni anaipanda kama anayekaa juu ya kigoda. Basi akanifundishia hapo hapo uani, yeye amekaa kitini ananipigia kelele, gea, breki, gea, na mimi nikamgonga kuku wa jirani, tukamla jioni tukicheka mpaka machozi yakatutoka. Ni wanaume wangapi wakati ule wangefanya hivyo? Ninamshukuru mpaka leo.

Shemeji yangu Awadhi hakucheka. Alisimama mlangoni akasema mke wa kaka yake kupita sokoni ameshika usukani ni aibu ya ukoo mzima, akaacha kula chakula cha mkono wangu. Nilimchukia, wanangu, nisiwadanganye, nikimwona anakuja nilikuwa nageuza kiti. Mpaka siku mkewe, Zuwena, aliposhikwa na uchungu, gari hakuna, akaja kugonga mlango wangu kichwa kimeinama, nikampakia Zuwena nyuma nikamfikisha hospitali salama. Tangu hapo kila Idi Awadhi alikuwa anakuja na kitambaa chake na mafuta, anaisugua pikipiki ile kabla hata hajaamkia watu. Hakuniomba radhi kwa maneno, nami sikuhitaji. Mkamwambie sina kinyongo naye, na mseme kwa sauti, maana siku hizi hasikii.

Sasa njooni kwenye jambo lenyewe, maana wewe Muhanna hujawahi kuambiwa, na wewe Sheima hukuwapo.

Mwaka ule mvua zilikuwa nyingi. Tairi la nyuma lilikuwa limebaki kipara, na baba yenu, kwa kuwa hawezi kwenda dukani, akaagiza jipya, akachagua pana kuliko yote, la pikipiki kubwa. Alinipenda na aliniogopea, na mtu anayependa huku anaogopa akili yake humwambia upana ndio usalama. Ringi ililikubali. Lilizunguka likikwaruza kidogo, fundi akasema litajikata lenyewe, nikaondoka nalo, wewe nimekufunga mgongoni kwa kanga. Kwenye mchanga lilikwenda vizuri. Tulipoingia ile mbuga ya udongo mweusi kabla ya Ipole, tope likajaa kati ya tairi na madigadi, pale ambapo hata kidole hakipiti, gurudumu likakamatwa ghafla, na sisi tukaruka. Kovu la kidevuni mwako, unalolipitishia wembe kwa uangalifu, ni la siku hiyo. Wewe hukumbuki, lakini mwili wako unakumbuka, ndiyo maana ulipokuwa mdogo ukisikia pikipiki inawaka ulikuwa unakimbilia uvunguni. Sijakucheka hata siku moja. Najua hutaki isimame sebuleni kwa ajili ya mapambo, unataka isimame ili dada yako asianguke.

Aliyetuokota ni Anton, mnayemjua sasa akiwa mzee, wakati huo kijana, anatoka kutundika mizinga. Alikuosha tope, akakupaka asali kidevuni penye damu, nawe ukanyamaza kulia ukawa unatoa ulimi kuilamba. Kisha akamwita ndugu yake, wakakata mti, wakaifunga pikipiki, wakaibeba mabegani mmoja mbele mmoja nyuma, vile wapagazi wa misafara ya zamani walivyobeba mizigo kwenye njia hizo hizo. Huko kwao wakanitafutia tairi kuukuu, jembamba. Tyubu haikuwapo, wakalishindilia majani makavu mpaka likawa gumu kama ubao, nikarudi nalo Tabora polepole, linanitikisa mifupa yote. Hakutaka chochote. Nilipomshukuru alicheka, akasema Kiswahili chenu cha mjini kina asante nyingi nyepesi, sema wabeja, mayu, ndivyo kwao wanavyomwita mama. Nikasema. Tangu siku hiyo sikuwahi tena kuanguka kwenye njia ile, na hakuna siku nilifika kwake nikaondoka na njaa.

Kwa hiyo Sheima, mama, matairi yako hapana. Meno yake ni mazuri, lakini umefanya alilofanya baba yako. Juzi ulipolijaribu lile la nyuma nililisikia kutoka hapa kitandani, kru, kru, moyo ukanidunda kama niko mbugani. Usiniambie ringi imekubali. Ringi hukubali kila kitu. Pitisha kidole kati ya tairi na madigadi, kipitishe na upande wa cheni, kisipopita lirudishe dukani hata kama muuzaji anaapa. Libonyeze ubavuni, ukiona vinyufa vidogo vidogo, limezeekea dukani hilo, usidanganywe na kashata, hayo meno ya juu, zinazong'aa. Mshale wake uelekee unakokwenda. Na siku unabeba madumu, la nyuma lijazwe upepo zaidi. Siku hizi lami imefika mpaka huko, sawa, lakini nyuki hawakai kwenye lami. Ukiiacha barabara unaingia msituni kwenye kijia walichochimba watu kwa nyayo, mmoja nyuma ya mwenzake, na kijia chembamba kinataka tairi jembamba.

Na yale ya Muhanna jana niliomba yaletwe hapa, nikayapapasa kwa mikono yangu, ndipo yakarudishwa uani. Ni membamba. Ni kipimo chake hasa. Ulichukua kipimo kwenye tairi la zamani, baba, ukazunguka nacho Dar es Salaam yote, na watu huko wakakushangaa, najua. Asante, mwanangu. Nilipoyashika nilisema moyoni, huyu ndiye niliyemzaa. Kashata zake ni mistari mitupu, lakini sasa ni kiangazi, njia kavu, mistari inatosha, na la mbele litafaa hata mvua ikinyesha. Kabla ya masika Sheima atatafuta la nyuma, jembamba vile vile, lenye meno. Basi wanangu mnagombania nini? Ya dada hayafai kwendea Ipole, na ya kaka yanafaa.

Umeyaleta yasimame, Muhanna. Nakuomba yatembee. Usipotaka, sitakuwa na kinyongo, wallahi, utakuwa umekataa kwa mapenzi na mimi nitakwenda nimeridhika nanyi nyote wawili. Asiyemshukuru mja hamshukuru Mungu, na mimi nina watu wengi wa kuwashukuru hata nafasi ya kulalamika sina.

Unainuka? Nenda. Sheima, mwache, usimfuate, mtu akizidiwa hutafuta hewa. Kaa hapa unishike mkono. Huu wa kushoto, ule mwingine umekufa ganzi.

Tuendelee. Nikiondoka msinicheleweshe kwa kungoja watu wa mbali. Mnilaze karibu na baba yenu, anioshe Zuwena akiweza, na chakula kiwe cha kuwashibisha waliokuja, si cha kuwaonyesha. Deni la mtu sina, nimeulizia kila mahali. Lipo moja tu, na hilo halilipwi kwa fedha.

Anton msimpigie simu. Nakataza. Habari ya mtu kama mimi kwa mtu kama yeye haipiti kwenye simu. Matanga yakishaisha, mwende na pikipiki... mwende kwake, nilitaka kusema. Ngoja nivute pumzi.

Mlio wa ile Honda anaujua. Ukikata kona ya mwisho tu atatoka anapangusa mikono, ananiamkia mwangaluka mayu, akidhani ni mimi. Umuwahi kwa shikamoo kabla hajaona vizuri. Umkalishe. Halafu mwambie taratibu kwamba Asmahani ametangulia, na amesema wabeja. Ningependa na kaka yako awepo, akae nyuma yako pale, amwonyeshe hicho kidevu, mzee afurahi kwamba dawa yake ilishika. Ningependa. Simlazimishi.

Nyamaza kidogo. Nini hiyo?

Usiende dirishani, sikiliza tu. Ni pampu. Pampu ya baba yako ile, inalia vile vile. Anatia upepo, Sheima. Mtoto wangu anatia upepo.

Muhanna! Sauti haifiki. Mwambie asijaze sana la mbele. Mwambie... basi, acha, ataona mwenyewe.

Mungu awape njia nyepesi, wanangu. Awape riziki yenye baraka, na jirani kama Anton popote mtakapoanguka. Msiachane. Mimi radhi yangu mnayo, nyote, mbele na nyuma.

Weka mto sawa. Hivyo.

Amelifunga la nyuma? Mwambie alizungushe kwa mkono. Lizungushe, baba, nilisikie.

Halikwaruzi. Halikwaruzi hata kidogo. Wabeja, mwanangu.